UZI: Oksijeni inavyoua chini ya maji – Thetis, chemba za Siebe Gorman na wanasayansi waliojifungia humo (1939–1945)

#1 Kaskazi_07

Habari zenu wakuu.

Mpiga mbizi akishuka majini kutafuta kitu, magazeti yetu huandika kwamba alivaa "mtungi wa oksijeni". Si kweli. Alichobeba mgongoni ni hewa hii hii tunayovuta hapa, oksijeni asilimia 21 na naitrojeni 78, ila imebanwa. Mjazie oksijeni tupu umshushe mita 20, na kuna uwezekano mkubwa apatwe na degedege hukohuko chini. Meno yatakaza, atatema kipumulio, atakufa maji na mtungi wake ukiwa bado umejaa.

Nataka tujadili namna jambo hili lilivyopimwa kwenye miili ya watu, maana vipimo vingi vinavyolinda wazamiaji wa leo vilitoka Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa watu waliojifungia wenyewe ndani ya mapipa ya chuma.

Naanza na nyambizi HMS Thetis. Tarehe 1 Juni 1939 ilikuwa kwenye majaribio Ghuba ya Liverpool, imetoka kiwanda cha Cammell Laird, Birkenhead. Ndani walikuwamo watu 103, karibu mara mbili ya idadi yake ya kawaida, kwa sababu mafundi wa kiwanda na wageni nao walipanda. Ilipogoma kuzama vizuri, wakaenda kukagua kama mirija ya topido ya mbele ina maji. Kila mlango wa mrija una bomba dogo la kupimia: ukifungua, maji yakitoka ujue mrija umejaa. Bomba la mrija namba 5 lilikuwa limezibwa na rangi. Halikutoa hata tone. Mlango wa ndani ukafunguliwa, na kumbe mfuniko wa nje ulikuwa wazi kwa bahari.

Maji yaliingia kwa kishindo. Walijaribu kufunga mlango wa chumba cha kwanza, lakini komeo moja la kuzungusha lilikuwa limening'inia katikati ya mlango na fremu yake, mlango ukakataa kukaa. Wakarudi nyuma wakafunga unaofuata. Vyumba viwili vikajaa, pua ikajikita kwenye tope, kina kisichofika mita 50. Baadaye mkia ukatokeza juu ya maji kabisa, watu kwenye meli za uokoaji wanauona. Waliotoka hai ni 4. Waliokufa ni 99.

Kilichowaua wengi si maji, ni hewa ukaa. Mtu aliyetulia hutoa takriban lita 15 kwa saa. Watu 100 ni mita za ujazo 1.5 kila saa, ndani ya chombo ambacho sehemu ya mbele imekwisha kujaa bahari.

Vyama vya wafanyakazi vilivyopoteza mafundi wao vilitaka mtaalamu wa kuwasimamia kwenye uchunguzi. Wakamwendea J.B.S. Haldane, profesa wa University College London.

#2 Binti_wa_Maabara

Asante kwa uzi, Kaskazi. Niongezee kwa Haldane, maana watu humjua kwa jenetiki tu.

Baba yake, John Scott Haldane, ndiye aliyetoa pamoja na wenzake jedwali za mzamiaji kupanda juu kwa hatua mwaka 1908. Walitumia mbuzi: wanawekwa kwenye chemba, wanashushiwa shinikizo ghafla, kisha wanaangaliwa. Mbuzi aliyeumia alikuwa ananyanyua mguu wa mbele, hataki kuukanyagia. Kutokana na mbuzi hao wakaona kwamba mwili unavumilia shinikizo kupungua kwa nusu bila madhara makubwa, mradi unasimama kila hatua na kusubiri naitrojeni itoke.

Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo kujipima gesi ni jambo la kawaida. Swali la nini kiliwaua watu wa Thetis alilipokea kwa njia hiyo hiyo: alikwenda kwenye kampuni ya Siebe Gorman, watengenezaji wa vifaa vya uzamiaji London, akajifungia ndani ya chemba pamoja na watu wanne waliopigana Uhispania kwenye Brigedi za Kimataifa, hewa isibadilishwe. Aliwachagua kwa sababu walikwisha zoea hatari na wangeweza kukaa bila taharuki. Taharuki huongeza kupumua na kuharibu kipimo.

Kuna jambo kwenye kisa cha Thetis ambalo bila fiziolojia halieleweki. Watu waliingia chumba cha kutokea wakiwa na DSEA, kile kifaa cha Davis cha kupumulia wakati wa kutoroka nyambizi iliyozama: mfuko wa mpira kifuani, kichupa cha oksijeni chini yake, kopo la kunyonya hewa ukaa ndani, kibanio cha pua, miwani, na kitambaa cha kukunjua mbele kama aproni ili kisikupandishe kwa kasi. Wawili wa kwanza walitoka. Kisha wakaingizwa wanne kwa pamoja, watatu wakafia humo na wa nne hakudumu. Mtu aliyekaa saa nyingi kwenye hewa ukaa kali, ukimhamishia ghafla kwenye oksijeni safi, hapati nafuu papo hapo. Kichwa kinapasuka kwa maumivu na anatapika. Sasa fikiria anatapika akiwa na kipumulio mdomoni, pua imebanwa, maji yamefika shingoni, gizani. Atakitoa tu.

#3 Ngalawa_Mbili

Naomba kuuliza, wataalamu. Oksijeni ndiyo uhai. Inakuwaje gesi ileile iwe dawa juu na sumu chini? Na kwa nini kina ndicho kiamue?

#4 Fundi_Mitungi

Ngalawa, hapo ndipo penye hesabu, na si ngumu.

Juu ya maji tuna shinikizo la angahewa 1. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza 1 nyingine. Mita 10 ni 2, mita 20 ni 3, mita 90 ni 10. Sasa zidisha shinikizo hilo kwa sehemu ya gesi unayovuta:

Hewa ya kawaida, juu: 1 × 0.21 = 0.21
Hewa ya kawaida, mita 20: 3 × 0.21 = 0.63
Oksijeni tupu, mita 6: 1.6 × 1 = 1.6
Oksijeni tupu, mita 20: 3 × 1 = 3.0

Mwili hausomi asilimia, unasoma jibu la mwisho. Leo wazamiaji wengi husimama kwenye 1.4 wakifanya kazi, na 1.6 ndiyo mwisho wakiwa wametulia. Kwa hiyo oksijeni tupu mwisho wake ni mita 6. Ikizidi sana, ubongo unaanza kufyatuka. Paul Bert, Mfaransa, aliliona hilo kwa wanyama na kulichapisha mwaka 1878, lakini kwa binadamu anayefanya kazi majini hakuna aliyekuwa na namba za kutegemea.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwa hewa ukaa. Hewa yenye 0.6% ya hewa ukaa ukiwa juu huisikii. Ipeleke kwenye angahewa 10, ni sawa na kuvuta 6%: unahema kama uliyepanda mlima mbio, kichwa kinazunguka. Chujio la nyambizi linaloonekana "linafanya kazi vizuri" juu linaweza kukuangusha ukiwa chini ya shinikizo.

#5 Binti_wa_Maabara

Na hilo ndilo walilolipima Haldane na mwenzake Martin Case, matokeo yakatoka mwaka 1941.

Chemba yenyewe ilikuwa kama boila iliyolazwa ubavu, urefu karibu futi 8 na kipenyo futi 4. Watu wawili watatu wanakaa wamejikunja. Hewa ikianza kusukumwa ndani, joto linapanda haraka kwa sababu gesi inabanwa. Masikio yanauma, unameza mate au unabana pua na kupuliza mpaka yafunguke. Asiyeweza kuyafungua, kiwambo cha sikio kinachanika. Kwenye angahewa 10 hewa ni nzito kiasi kwamba ukipunga mkono unaisikia ikikuzuia. Sauti inakuwa ya puani, nyembamba. Huwezi kupiga mluzi. Wakati wa kushusha shinikizo ni kinyume: baridi kali na ukungu unajaa chemba nzima.

Kipimo chao cha akili kilikuwa cha kawaida kabisa: hesabu za kuzidisha, na kuhamisha vigololi vya chuma kwa koleo dogo. Kwenye angahewa 10 ulevi wa naitrojeni unaingia ndani ya dakika chache. Mtu anacheka ovyo, anakosea hesabu, na bado anaamini yuko sawa. Hapo ndipo hatari ilipo kwa mtu aliyemo kwenye nyambizi iliyozama: anatakiwa afungue vali kwa mpangilio, kichwa kimeshalewa na hajui.

Halafu wakaongeza baridi. Walilala kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka huku wakivuta hewa yenye hewa ukaa nyingi, kwa sababu mtu wa nyambizi hapati tatizo moja moja, yanamjia yote pamoja.

Timu haikuwa ya wanajeshi. Helen Spurway, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Haldane, aliingia na kutoka kwenye chemba hizo kama wengine. Walikuwamo Ursula Philip na Hans Grüneberg, Wayahudi waliokimbia Ujerumani. Hans Kahle, kamanda wa zamani wa brigedi Uhispania. Hata Juan Negrín, aliyekuwa waziri mkuu wa Uhispania, alikaa humo.

Gharama: Haldane alipata degedege la oksijeni ambalo misuli ilikaza hadi pingili za uti wa mgongo zikavunjika. Alibaki na maumivu ya mgongo. Mara nyingine kiputo cha gesi kiliingia kwenye uti, na sehemu ya chini ya mgongo wake ikabaki na ganzi.

#6 Kaskazi_07

Hapo kwenye degedege ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu mimi alifanya kazi kubwa kuliko wote: Kenneth Donald, daktari wa jeshi la majini.

Desemba 1941 Waitaliano sita walipanda topido zinazoendeshwa kama pikipiki, wakaingia bandari ya Aleksandria na kuziharibu manowari mbili za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Waingereza nao wakataka zao, wakaziita Chariot. Watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, kichwa cha baruti mbele, na kifaa cha kupumulia cha oksijeni tupu kisichotoa povu juu ya maji. Povu lingewaumbua kwa walinzi.

Tatizo: wangeshuka hadi wapi? Vipimo vya Mmarekani Albert Behnke, vilivyofanywa kwenye chemba kavu, vilionyesha mtu aliyekaa ametulia akivumilia oksijeni kwa angahewa 3 kwa saa kama 3, na angahewa 4 kwa zaidi ya nusu saa. Jeshi likaona panatosha. Vijana wakaanza kuzimia mazoezini.

Donald alikuwa na kitengo cha majaribio cha jeshi la majini, hapohapo Siebe Gorman. Kati ya 1942 na 1945 walifanya mizamo zaidi ya 2,000 kwa wanamaji waliojitolea. Wazamiaji walilipa lile tatizo jina la mtu, "Oxygen Pete", wakisema anaishi chini ya tangi na anawasubiri.

Aliyoyaona yalivunja kila dhana. La kwanza: majini ni kubaya kuliko chemba kavu, kwa shinikizo lilelile, na anayefanya kazi anaanguka mapema kuliko aliyetulia. La pili ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mtu mmoja alizamishwa mara 20, kina kilekile cha futi 70 (mita 21), mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Siku moja alidumu dakika 148. Siku nyingine dakika 7.

Mtu yuleyule. Maji yaleyale. 148 na 7.

Maana yake huwezi kumpima kijana, ukamwona "mgumu", ukampa kazi ya kina. Jeshi lilikuwa linataka kuchuja watu wenye uvumilivu. Donald akaonyesha hakuna cha kuchuja. Hakuna mtu mgumu, kuna kina. Akashauri oksijeni tupu isitumike chini ya futi 25, kama mita 7.6. Matokeo yalichapishwa hadharani mwaka 1947.

#7 Ngalawa_Mbili

Kaskazi, hakuna dalili ya kumwonya mtu kabla? Akijisikia vibaya si apande?

#8 Fundi_Mitungi

Dalili zipo, ila si za kuaminika. Majini inayoongoza ni mdomo kucheza: misuli ya midomo inarukaruka pembeni ya kipumulio, kama jicho linavyocheza. Wengine huona kizunguzungu, kichefuchefu, au macho kuanza kuona kama kupitia bomba. Tatizo ni kwamba kuna wanaoingia kwenye degedege moja kwa moja bila onyo lolote.

Na kwa anayemsaidia kuna mtego. Mtu akiwa kwenye degedege koo linaweza kuwa limejifunga. Ukimvuta juu haraka, hewa iliyomo mapafuni inatanuka na haina pa kutokea, pafu linapasuka. Ndani ya chemba kavu kanuni ni hii: mwondoe barakoa ya oksijeni avute hewa ya chemba, shinikizo liache lilivyo mpaka mtukutiko uishe na aanze kupumua, ndipo ushushe. Anayeshusha shinikizo kwa hofu ndiye anayeua.

Kuhusu kifaa chenyewe cha oksijeni, kina njia tatu za kuua: sumu ya oksijeni tuliyokwisha ieleza, na nyingine mbili zisizohusiana na kina.

Kopo la chokaa inayonyonya hewa ukaa. Chembe zikishindiliwa vibaya, zikaacha mwanya, pumzi inapita kwenye mwanya bila kuguswa, hewa ukaa inarudi mapafuni. Unapolijaza unagongagonga ubavu wa kopo ili chembe zikae, unaongeza, unagonga tena, mpaka ukilitikisa husikii kitu kikicheza. Vumbi unalipepeta kwanza, litakuunguza koo. Maji yakiingia kopo, yanatengeneza majimaji makali yanayobabua mdomo.

Naitrojeni iliyobaki. Kabla ya kushuka unatoa pumzi yote, unajaza mfuko oksijeni, unavuta, unatolea nje kupitia pua, unarudia walau mara tatu. Usipofanya hivyo naitrojeni ya mapafuni inabaki mfukoni. Oksijeni inaliwa, hewa ukaa inanyonywa na chokaa, naitrojeni inabaki inajaza mfuko. Mfuko unaonekana mzuri, unapumua bila shida, na oksijeni imekwisha. Hakuna kuhema, hakuna onyo, unazimika kama taa.

Waingereza walikuwa na visa vingi vya kuzimia kwenye maji mafupi, mahali ambapo oksijeni haiwezi kuwa sumu. Mwaka 1944 Barlow na MacIntosh walieleza kwamba hewa ukaa inayojilimbikiza kwenye kifaa ndiyo mhusika.

#9 Binti_wa_Maabara

Suluhisho la Donald kwa kina kirefu lilikuwa kuchanganya: oksijeni pamoja na naitrojeni, ikitiririka kwa kasi isiyobadilika kwenye mfuko, ziada ikitoka. Mchanganyiko huo ulitumiwa na wazamiaji wa kusafisha mabomu kwenye bandari zilizokombolewa, Cherbourg ikiwamo, na ulifichwa kama siri ya kijeshi.

Hesabu yake inataka umakini. Chukua mchanganyiko wa 60%, mtiririko lita 8 kwa dakika. Oksijeni inayoingia ni lita 4.8. Mwili ukila 1.5, mfukoni inabaki 3.3 kati ya 6.5, yaani karibu 51%. Akifanya kazi nzito akala lita 3, inabaki 1.8 kati ya 5, ni 36%. Bado yuko salama. Lakini tundu la mtiririko likiziba kwa uchafu zikawa zinapita lita 4 tu, inaingia 2.4, na mtu anakula 2.4. Inabaki sifuri. Ndiyo maana mtiririko ulipaswa kupimwa kabla ya kila mzamo, si mara moja kwa wiki.

#10 Mwanasheria_wa_Pwani

Mimi nina neno kuhusu uhalali. Wakati huohuo, 1942 na 1943, daktari Sigmund Rascher alikuwa Dachau anawatumbukiza wafungwa kwenye maji ya barafu, wengi wakafa, kwa ajili ya jeshi la anga la Ujerumani. Naye angesema ni sayansi ya vita. Kesi ya madaktari ilisikilizwa Nuremberg 1946 hadi 1947, na kanuni kumi zilizotoka kwenye hukumu zinaanza na ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe. Kanuni ya tano inakataza jaribio linalotarajiwa kuleta kifo au ulemavu, isipokuwa pengine pale ambapo madaktari wanaofanya jaribio nao ni sehemu ya wanaojaribiwa.

Kifungu hicho kinamgusa Haldane moja kwa moja. Kwa wanamaji wa Donald nina shaka zaidi. Baharia anayeombwa "kujitolea" mbele ya afisa wake, ana uhuru kiasi gani wa kukataa?

#11 Kaskazi_07

Hoja nzito, na siipingi. Ninachoweza kusema ni kwamba baharia wa Donald alivutwa juu mdomo ulipoanza kucheza, jaribio likakoma. Rascher aliendelea kuandika namba.

Na bila vipimo hivyo, vijana wale wale wangeshuka tu. Usiku wa Januari 1944 nyambizi ndogo X20 ilikuwa pwani ya Normandy na wapimaji wawili waliogelea ufukweni kuchota mchanga, kujua kama utabeba vifaru. Juni, X20 na X23 zililala chini ya maji zikisubiri kuongoza meli, na uvamizi wa Normandy ukasogezwa siku moja kwa hali ya hewa. Kila saa ya ziada chini ya maji ilikuwa swali lilelile la hewa ukaa na oksijeni.

Thetis yenyewe iliinuliwa, ikakarabatiwa, ikapewa jina Thunderbolt. Ilizamishwa Machi 1943 karibu na Sicily, na waliokuwamo wote wakafa.

#12 Ngalawa_Mbili

La mwisho kutoka kwangu. Wazamiaji wa majongoo bahari huku Unguja hutumia mitungi, wanazama mara nyingi kwa siku. Wanapata ganzi na miguu kukataa. Hiyo ni oksijeni?

#13 Fundi_Mitungi

Hapana, Ngalawa. Mitungi hiyo ni ya hewa. Kwa hewa, ili ufike 1.4 ya oksijeni lazima ushuke zaidi ya mita 55. Hao tatizo lao ni naitrojeni, lile la mbuzi wa Haldane mzee: imeyeyuka mwilini, wanapanda haraka, inatoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa. Kuzama mara nyingi kwa siku kunaongeza juu ya ile ambayo bado haijatoka.

Akitokea hivyo, mlaze chali kwenye sakafu ya boti, asitembezwe, asirudishwe majini "kumalizia". Mpe maji ya kunywa kama ana fahamu zake sawasawa na hatapiki. Mpe oksijeni tupu, kwa barakoa iliyobana vizuri usoni, bila kukatiza, njia nzima mpaka kwenye chemba au hospitali. Juu ya maji ni angahewa 1 tu, haimletei degedege. Inaifukuza naitrojeni itoke mapafuni. Usiache kwa sababu kasema nafuu imekuja, dalili hurudi. Na mwambie daktari kina alichofika, mara alizozama na saa aliyopanda mara ya mwisho. Viandike kwenye karatasi kabla boti haijaondoka.